Samaki wa Kumwonyesha Mgeni

Lushoto, 1996

Jumatatu, 4 Machi
Bwana Nikodemo amekubali kunidhamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa lile aliloniuliza: "Ukienda, barua zangu ataandika nani?" Sikujua kama ni utani, kwa hiyo sikucheka. Alicheka yeye, akaweka sahihi.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Nina shahada ya zoolojia. Mwaka niliomaliza chuo kikuu, Mlimani, serikali ilikuwa imeacha kuajiri, na hata waliokwisha kuajiriwa walikuwa wameanza kupunguzwa. Nilichopata ni ukarani wa muda katika ofisi ya uvuvi hapa wilayani. Ofisi ina watu wawili: Bwana Nikodemo, ambaye vijijini wanamwita Bwana Samaki, na mimi.

Sasa kuna mfuko wa nje unaotoa ufadhili wa masomo ya uzamili katika uvuvi wa maji baridi na hifadhi ya samaki. Nafasi ni moja kwa nchi nzima. Mwombaji awe amefuatilia samaki wa mahali pamoja kwa msimu mzima, mkuu wake amdhamini, msaili mmoja aje ayaone maji yenyewe, kisha kuna usaili Dar es Salaam. Nimepewa siku za Alhamisi.

Nimechagua lambo la Mzee Nassoro, juu ya Mlola.

Alhamisi, 7 Machi
Tangu wafanyabiashara wa Dar waanze kuja wenyewe kununua kabichi, usafiri wa Mlola si tabu. Malori hupanda matupu asubuhi, hushuka yamejaa. Kutoka Mlola nilipanda kwa miguu.

Mzee Nassoro ndiye mwenye kizibo. Maana yake ni hii: lambo hujaa usiku kwa maji ya kijito, na asubuhi yeye huchomoa kizibo cha mti, maji yakashuka mferejini shamba kwa shamba, kwa zamu. Hakuna mwingine anayekigusa. Nilimsalimu kwa Kishambaa, kisha nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Timotheo, baba. Wa Mtae."

"Mtae! Watu wa kunywa mawingu. Huku tuna maji, karibu."

Ndani ya lambo wanaishi visamaki visivyozidi kidole, vyenye madoa matatu meusi ubavuni. Havivuliwi na haviliwi. Nilimuuliza mkewe, Bi Rukia, kwa nini. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mlango una bawaba.

"Hao ni wa maji, mwanangu. Watoe uone mbu."

Kila mwaka wakati wa kiangazi lambo hukaushwa na tope kuchotwa na kijiji kizima. Wanawake huwakamata samaki kwanza, huwaweka mitungini na ndoo, na tope likiisha huwarudisha. Siku zote imekuwa hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Kupiga chapa barua za mabwawa. Miguu inauma.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua ya kwanza. Niliteleza mara mbili. Bi Rukia amenikatia fimbo.

Alhamisi, 21 Machi
Sasa naweza kuiandika sababu. Bwana Nikodemo hugawa vifaranga vya perege kwa watu waliochimba mabwawa. Ni mpango mzuri. Watoto wanapata mboga. Lakini mabwawa yamechimbwa kando ya vijito, na maji yakipanda wakati wa masika hufurika. Nimeweka wavu katika vijito viwili chini ya mabwawa. Perege wamo, wakubwa kwa wadogo. Wenye madoa matatu wamepungua mno, na katika kijito kimoja sikupata hata mmoja. Perege hula mayai ya wenzao na kuwanyang'anya mahali pa kutagia.

Lambo la Mzee Nassoro liko juu ya mabwawa yote. Perege hawezi kupanda hadi kule. Ndiyo maana ninalinganisha vijito na lambo. Katika maombi yangu nimeandika kwamba ndiyo maji pekee niliyoyapima yasiyo na perege, na hoja yangu yote inasimama juu ya sentensi hiyo.

Bwana Nikodemo aliniuliza jioni, "Vipi huko, samaki wanaendelea?" Nilijibu wanaendelea, nikaendelea kupiga chapa.

Jumanne, 26 Machi
Mvua.

Jumatano, 27 Machi
Mvua. Waraka umekuja: awamu nyingine ya kupunguza wafanyakazi. Hauna majina.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili
Ibada ndefu. Mama ameshuka kutoka Mtae na gunia la viazi na habari za kila mtu. Akaniambia, "Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukitumwa chumvi unasimama mlangoni kwa watu mpaka wakuone. Bado?" Nikasema hapana. Alinitazama tu, akaanza kumenya viazi.

Alhamisi, 11 Aprili
Daraja la miti kabla ya kijiji limechukuliwa na maji. Nilivuka nikiwa nimeshika kamba, Mzee Nassoro kashika ncha nyingine, akinitania kwamba watu wa Mtae hawajui maji yanayokimbia kwa sababu ya kwao yameganda angani. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilimjibu. Nilisema afadhali mawingu kuliko tope lake. Alicheka mpaka kamba ikatikisika.

Lambo ni zima. Wenye madoa ni wengi na wamenona, majike yana mayai.

Alhamisi, 18 Aprili
Sikwenda. Homa.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimekuwa nikimwona Bwana Nikodemo kama ukuta. Leo alifunga mlango, akaniuliza kama Mlimani tulifundishwa kuandika maombi ya kazi kwa mashirika binafsi. Ana miaka hamsini na miwili. Hajawahi kuomba kazi. Alipangiwa kutoka chuoni, na tangu hapo ni barua za uhamisho tu.

"Mabwawa ndiyo yanayonishikilia hapa, Bi Raheli," alisema. "Mkoani wakiuliza Lushoto kuna nini, wanajibiwa kuna mabwawa ya perege. Siku wakijibiwa hakuna, mimi pia sipo."

Hapo ndipo ningemweleza habari za vijito. Nilimwandikia mfano wa barua ya maombi badala yake.

Alhamisi, 2 Mei
Mvua, wavu, kipimo, mvua. Bi Rukia alinipa makande. Anasema nimekonda kwa ajili ya samaki wasiolika.

Jumatano, 8 Mei
Msaili anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Ni Daktari Paskalina, wa chuo kikuu. Bwana Nikodemo amefurahi kuliko mimi. Akaniagiza: "Kesho waambie kijijini wageni wanakuja kuona samaki. Wasituaibishe."

Alhamisi, 9 Mei
Nimefikisha ujumbe kwa maneno yale yale: wageni wanakuja kuona samaki. Bi Rukia aliuliza, "Samaki gani?" Kabla sijajibu Mzee Nassoro akasema, "Samaki ni samaki, mwache mtoto," nami nikaona ingekuwa kumpinga mzee mbele ya mkewe. Nikanyamaza.

Alhamisi, 16 Mei
Naandika kwa utaratibu.

Tulifika kabla ya adhuhuri: Daktari Paskalina, Bwana Nikodemo na mimi. Mama huyo ni mnene kidogo, amevaa buti za mpira, anauliza maswali mafupi na kungoja majibu yote. Njiani aliniuliza kwa nini lambo na si mto. Nilimjibu vizuri. Nilijisikia najibu vizuri.

Kijiji kilikuwa kimefagia njia. Tulikula kwanza: wali, kuku, mchicha. Bi Rukia alikuwa amevaa khanga mpya na kila aliponitazama alikuwa anazuia tabasamu, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Tukaenda lamboni. Daktari aliurusha wavu mwenyewe. Ulipotoka ulikuwa mzito. Ndani yake walikuwamo wenye madoa matatu wachache, na perege. Perege wakubwa, upana wa kiganja, wanarukaruka nyasini, na wanakijiji wakapiga makofi.

"Ee!" Bwana Nikodemo alisema. Furaha yake ilikuwa ya kweli. "Unaona, Daktari? Wamefika hadi huku juu!"

Daktari Paskalina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Uliandika humu hakuna perege."

Nilimtazama Bi Rukia, na hapo nikajua. Pembeni ya ukuta wa lambo kulikuwa na ndoo za plastiki zilizofunikwa majani ya mgomba, magamba ya perege yamenata ukingoni. Bi Rukia alinikonyeza.

Ningesema nini? Kwamba hawa waliotulisha wamemlaghai mgeni? Hawakumlaghai. Mgeni hapa haonyeshwi kilicho kidogo. Akija kuona ng'ombe anaonyeshwa dume, hata kama ni la jirani. Nimelelewa katika milima hii hii, na ningekuwa mimi mwenyeji, ningemwonyesha nini mtu aliyetoka Dar? Kidole chenye madoa?

Daktari alisubiri. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyosubiri. Kisha akasema, "Basi utatueleza tarehe ishirini na saba, kwenye usaili. Jopo linakaa siku hiyo moja tu."

Tulishuka.

Ijumaa, 17 Mei
Nimerudi kijijini bila ruhusa, kwa lori la viazi. Bi Rukia alinipokea kwa vigelegele.

"Tuliwatoa kwenye mabwawa ya kule chini, jioni ya Jumatano. Ndoo kumi na kitu! Mgongo huu hapa bado unalia. Umeona mgeni wako alivyoduwaa?"

"Nimeona, mama."

"Mwanetu asiaibike, nilisema. Miezi yote hii anatembea mvuani, halafu mgeni aje aonyeshwe vile vidudu?"

Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia. Alidhani ni furaha, kisha akaona si furaha. Ndipo nilipomweleza polepole, tangu vijitoni. Nilimwambia kwamba mwaka kesho lambo litakuwa la perege, na wa maji watakuwa wamekwisha. Alijiziba mdomo kwa khanga, akatoka nje kumwita mumewe.

Mzee Nassoro alikwenda kuutupa wavu wangu lamboni. Perege wa tatu alikuwa jike. Nilimbana taya taratibu na kinywani mwake mlikuwa na watoto wadogo kama mbegu za mtama, wenye macho tayari. Hivyo ndivyo wanavyolea. Baridi ya huku huwachelewesha, haiwazuii. Baada ya wiki mbili hivi atawaachia, na wakishaingia kwenye nyasi hakuna wavu utakaowatoa.

"Kukausha," Mzee Nassoro alisema.

"Masika, baba?"

"Haijawahi kufanyika masika." Alitazama ukuta wa udongo uliolowa. "Tukifungua mvua ikiwa hivi, unaondoka na mashamba. Lazima ikatike siku mbili tatu. Na siku ya tope ni Jumatatu. Siku nyingine watu hawatakuja, wana zamu zao na masoko yao."

Jumatatu, 20 Mei
Mvua mfululizo. Haikuwezekana.

Jumatano, 22 Mei
Mvua imepungua. Mzee Nassoro amemtuma dereva wa lori: ni Jumatatu hii ijayo. Tarehe ishirini na saba.

Alhamisi, 23 Mei
Nilifika kijijini asubuhi nikiwa na hoja zangu. Nilimwambia Mzee Nassoro nina usaili Dar siku hiyo hiyo. Lazima niondoke Jumapili, nishuke Mombo nipate basi. Wao wamekuwa wakikausha lambo maisha yao yote, hawanihitaji.

Hakukasirika. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya chakula. Aliyeita watu kwenye tope ndiye anayeingia wa kwanza. Mwaka fulani mwenyekiti wa kijiji aliita, akasimama ukingoni na miwani yake, na watu wakatazamana, kila mmoja akachukua jembe lake akaenda kwake.

"Si mimi ninayeita safari hii, mwanangu. Kukausha masika mimi nisingethubutu. Wanajua ni wewe. Wakikukosa, watasema hata mwenyewe haoni umuhimu."

"Na Jumatatu inayofuata?"

"Wewe ndiye uliyewahesabia siku wale watoto mdomoni mwa mama yao. Niambie wewe."

Nilijua jibu: wangekuwa wamekwisha kuachiwa.

Mchana nilimweleza Bwana Nikodemo kila jambo, mpaka vijito. Nilikuwa nimesimama. Naye akasimama.

"Unaniambia kazi yangu ni uchafu?"

"Hapana, mzee. Bwawani perege ni chakula. Lamboni ni hasara."

"Na haya utayasema Dar?"

"Ningeyasema. Sijui kama nitakwenda."

Alichukua kofia yake akatoka, na hakurudi ofisini siku hiyo.

Ijumaa, 24 Mei
Nilipiga simu kutoka posta. Foleni ndefu, na wote nyuma yangu walisikiliza. Daktari Paskalina alipokea mwenyewe.

"Shikamoo mama. Ni Raheli wa Lushoto. Sitaweza kuja Jumatatu."

"Unaumwa?"

"Hapana. Siku hiyo tunakausha lambo, tuwatoe perege kabla hawajaachia watoto. Waliwekwa siku moja kabla ya wewe kuja. Kwa ajili yako, mama. Kukuheshimu."

Simu ilikoroma. Nikadhani imekatika.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaleta."

"Ni mimi. Niliambiwa niseme samaki, nikasema samaki. Nikaulizwa samaki gani, nikanyamaza. Na siku ile uliponiuliza, nikanyamaza tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Tulikuwa tumekula chakula chao."

Alivuta pumzi. "Raheli, jopo ni watu watano. Mimi naweza kusimulia, lakini siwezi kukujibia maswali. Kiti kikiwa kitupu watampa mwingine. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

"Haya. Angalieni na mferejini, chini ya kizibo. Huwa wanajificha hapo."

Mtu wa nyuma yangu alisema, "Dada, umemaliza na samaki wako?" Watu wakacheka. Nilikuwa nimemaliza.

Jumapili, 26 Mei
Hakuna mvua. Saa ya basi la Mombo ilipita nikiwa kanisani. Nililala Mlola.

Jumanne, 28 Mei
Jana nilikuwa nimechoka mno kushika kalamu.

Nilikuta kijito kimekwisha kuzibwa kule juu, maji hayaingii. Mzee Nassoro alichomoa kizibo alfajiri, na kulipopambazuka lambo lilikuwa tope lenye madimbwi. Watu walisimama ukingoni na majembe, makarai na ndoo, na hakuna aliyesogea. Walikuwa wakinitazama. Nilivua viatu. Tope lilinifika magotini, kisha mapajani, baridi kama chuma, na nilifikiri: nikianguka sasa watacheka. Nilianguka. Walicheka, na wote wakaingia.

Wanawake waliwachukua wa maji kwanza, kwa vikapu, wakawaweka mitungini. Perege walirushwa juu ya nyasi. Majike niliyaangalia vinywa moja moja. Mengine yalikuwa yametema watoto tayari dimbwini, na hao tuliwachota kwa chandarua.

Jua lilipopanda tulisikia pikipiki. Bwana Nikodemo. Alikuwa na wavu wa ofisi begani, ule wa kukokota ambao haujawahi kutoka stoo tangu niajiriwe, na suruali yake ya kazini imekunjwa. Aliwapa wazee shikamoo zote bila kuruka mmoja. Kisha akaniambia, "Chini ya kizibo mmeangalia?"

"Bado, mzee."

"Mnasubiri nani?" Akaingia.

Chini ya kizibo walikuwapo. Alifanya kazi mpaka mwisho, akiwafundisha vijana wa kijiji kuubana wavu chini kwa unyayo. Hatukuzungumza habari nyingine.

Alasiri kijito kilifunguliwa. Bi Rukia aliinua mtungi wa kwanza, akanipa mimi niumimine. Jioni kijiji kizima kilinuka perege wa kukaanga, na Bwana Nikodemo alikula wanne.

Jumatano, 12 Juni
Orodha ya wanaopunguzwa imefika. Bwana Nikodemo yumo. Mimi simo, wa muda hatuhesabiki hata kupunguzwa. Alikusanya vikombe vyake, akaniachia wavu.

"Nilidhani ni mabwawa yaliyokuwa yananishikilia," alisema. "Kumbe hayajui hata jina langu."

Nilimwambia barua yake ya maombi nitaipiga chapa upya, vizuri zaidi. Akasema niandike kwamba anajua kuvuta wavu.

Jumatatu, 24 Juni
Jibu la mfuko. Nafasi amepewa mwombaji wa Mwanza. Wananishukuru. Nililisoma nimesimama, kisha nikaketi nikalisoma tena, halikubadilika.

Alhamisi, 4 Julai
Siku za Alhamisi hazipo tena, nilikwenda kwa likizo. Kipupwe, ukungu hadi mchana. Lambo limetulia. Wavu ulitoka na wenye madoa tu, mara zote.

"Je, ulipata?" Mzee Nassoro aliuliza.

"Nilikosa, baba."

Bi Rukia aliweka kikombe chini. Mzee hakunipa pole mara moja. Alikishika kizibo chake, akakizungusha, akakirudisha mahali pake.

"Pole, mwanangu. Tulikuchelewesha."

Nilitaka kusema hapana, si ninyi. Ingekuwa adabu lakini si kweli kabisa. Nilisema, "Ndiyo, baba. Na ningekuja tena."

Jumatatu, 8 Julai
Mkuu mpya ameripoti. Ni kijana, wa kozi moja na mimi Mlimani, mwaka mmoja mbele yangu, kabla serikali haijaacha kuajiri. Ana ramani. Amepanga vifaranga vya perege vipelekwe milimani juu, "kila penye maji," na kituo cha kwanza alichokizungushia wino ni lambo la Mzee Nassoro. Akanipa ramani, akasema nimwandikie mwenye lambo kwamba samaki wanakuja.

Chai yake ilikuwa imeletwa punde hiyo. Nilibaki nimesimama mbele ya meza yake na ramani mkononi. Nikamwuliza, "Samaki gani?" Kisha nikamwambia hapana, siandiki, na nikaanza kumweleza kwa nini, tangu vijitoni, mpaka chai ikapoa.